Mlango wa nyuma, upande wa kushoto



Miezi minne sasa, kila nikirudi Mbagala kutoka kazini, nakaa barazani na kigari changu. Natengeneza Peugeot 504 stesheni, ile aliyokuwa nayo baba. Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 4.80, langu lina sentimita 24, yaani kila kipimo nimekigawa kwa 20. Bodi ni bati la makopo ya maziwa, matairi nimeyakata kwenye ndala iliyokatika, vioo ni plastiki ya chupa ya maji. Milango inafunguka, na ndani kuna safu tatu za viti. (Gari aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na baba akisimulia utadhani aliendesha yeye.) Ni zawadi ya jubilei ya miaka 40 ya ndoa ya wazazi wangu.

Nilikwama kwenye mlango wa nyuma, kushoto. Gari la baba lilibonyea pale. Nilikuwa na miaka 12, nasukuma toroli la madumu ya maji, likanishinda kwenye mteremko, likaugonga mlango. Baba alipouliza, nikasema ni mdogo wangu. Akachapwa yeye. Mpaka leo ukoo ukikutana anataniwa kuwa ndiye aliyeharibu gari la mzee. Gari liliuzwa likiwa hivyo hivyo.

Je, ninyooshe mlango? Mwenye kigari ana haki ya kukipendezesha. Wengine huweka rimu za kisasa na rangi ambayo gari halikuwahi kuwa nayo, na hakuna dhambi hapo, maana kigari si ushahidi wa mahakamani. Nakubali kabisa. Ila mimi sikutaka kunyoosha ili pavutie. Nilitaka mtu asikumbuke.

Kuungama nilishaungama, Kwaresima moja nikiwa sekondari, nikatoka mwepesi nikadhani yameisha. Kumbe Katekisimu, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo huondoa dhambi lakini hayarekebishi kila kilichoharibika. Uliyemchafulia jina, umrudishie. Padre alinipa maondoleo, lakini jina la mdogo wangu kwa baba hakuwa na namna ya kulirudisha. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Zakayo naye aliahidi kurudisha mara nne. Fimbo zile mara nne, sijui mtu anazilipaje.

Jumamosi nikachukua kijiko, nikaubonyeza mlango kwa mgongo wake. Rangi ikapasuka kidogo, nikaiacha. Kisha nikapanda daladala hadi Tandika kwa mdogo wangu, kabla baba hajakiona.

Alikipokea, akapitisha kidole gumba pale mlangoni. Hakucheka.

"Kumbe kaka unakumbuka."

Nikamwambia nakumbuka, naomba anisamehe, na kwamba siku ya jubilei, baada ya Misa, nitamwambia mzee mbele ya wote. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaanza kufungua milango, mmoja mmoja, akaniuliza bawaba ndogo namna ile nimezipata wapi.