Kuvuta na Kupuliza

Ukiingia chooni ndani ya ndege, hebu tazama mlango vizuri. Mara nyingi, karibu kabisa na ile alama inayokataza sigara, utakuta kisahani kidogo cha majivu. Ndege yenyewe huenda imetoka kiwandani juzi tu, miaka mingi baada ya sigara kupigwa marufuku angani, na bado kisahani kipo. Si usahaulifu wa mafundi. Kanuni za usalama za Marekani zinataka kiwepo, kwa sababu waliozitunga walimjua binadamu: hata umkataze vipi, yupo mmoja atakayewasha. Na akishawasha, heri apate pa kuzimia kuliko kutupa kipande chake kwenye pipa la karatasi.

Walikuwa na cha kuogopa. Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya shirika la Varig la Brazil iliyotoka Rio de Janeiro ilishika moto sehemu ya choo ikiwa inakaribia Paris. Marubani waliishusha shambani, kilomita chache tu kabla ya uwanja wa Orly. Kati ya watu 134 waliokuwamo, 123 walikufa, wengi wao kwa moshi. Moto ulidhaniwa kuanzia kwenye pipa la taka la choo, na sigara ndiyo iliyoshukiwa.

Sasa imekuja sigara ya kielektroniki, au vepu kama vijana wanavyoiita. Haina majivu, haina kiberiti, na inaingia kwenye kiganja cha mkono. Kile kisahani hakina kazi nayo. Mtumiaji naye ana hoja yake tayari, na anaitoa hata kabla hujamuuliza: "Hii si sigara, ni mvuke tu." Utaisikia kwenye foleni ya benki, kwenye kiti cha nyuma cha matatu, hata kwenye lifti ambako watu wanane wanapumua hewa ya chumba kimoja kisicho na dirisha.

Hoja hiyo imetoka kwenye Kiingereza. Waingereza wameliita tendo hili kwa jina la moshi, kwa hiyo ukiondoa moshi unaweza kudai umeondoa na tendo lenyewe. Kiswahili hakitoi mwanya huo. Sisi tunasema kuvuta, na mwenye vepu anavuta kama babu yake alivyovuta kiko. Lakini tusijisifu mapema, maana neno letu nalo lina upofu wake. Kuvuta kunataja pumzi inayoingia, yaani nusu ya mambo inayomhusu mvutaji peke yake. Nusu ya pili, kupuliza, haikupewa jina kwenye alama yoyote ukutani, na kumbe ugomvi wote upo huko. Mtu akivuta asipulize, nani angejali?

Na kile kinachopulizwa si mvuke wa sufuria ya chai. Ni matone madogo mno ya gliserini na propilini glaikoli, yakiwa yamebeba ladha ya embe au mnanaa na, mara nyingi, nikotini.

Hapa ndipo watetezi humleta John Stuart Mill. Katika kitabu chake cha mwaka 1859, On Liberty, Mill alishikilia kwamba jamii haina haki ya kumzuia mtu mzima kufanya apendalo isipokuwa kwa kuwakinga wengine na madhara. Basi, wanasema, thibitisha madhara. Nionyeshe maiti ya mtu aliyeuawa na embe langu.

Ni hoja nzuri, na mimi ninaiheshimu zaidi ya mahubiri ya wale wanaochukia tu kuona mtu anastarehe. Ina kasoro moja tu: haisemi ushahidi utakusanywa kwenye mwili wa nani wakati tukiusubiri. Swali hili lilishajibiwa ndani ya ndege. Kwa miaka mingi wahudumu wa ndege wa Marekani walifanya kazi kwenye moshi wa abiria, huku makampuni ya tumbaku yakisema moshi wa mtu mwingine haujathibitishwa kuwa na ubaya. Norma Broin, mhudumu ambaye hakuwa mvutaji, alipata saratani ya mapafu. Mwaka 1991 yeye na wenzake walifungua kesi kwa niaba ya maelfu ya wahudumu wasiovuta. Mwaka 1997 makampuni yalikubali kutoa dola milioni 300 za kuanzisha mfuko wa utafiti. Utafiti, jamani. Yaani ule ushahidi uliokuwa ukisubiriwa ulikuwa ukiandikwa muda wote huo kwenye vifua vya wanawake waliokuwa wakigawa juisi.

Sisemi vepu ni sawa na sigara. Huko Uingereza huduma ya afya ya taifa huwashauri wavutaji wahamie huko ili waache tumbaku, na ina sababu zake. Lakini afadhali kwa mvutaji ni jambo moja, na ruhusa kwa jirani ni jambo jingine kabisa. Dawa inayonifaa mimi hainipi haki ya kukunywesha wewe.

Kuna kisa cha Julai 2018 ambacho sichoki kukifikiria. Ndege ya Air China ilikuwa njiani kutoka Hong Kong kwenda Dalian, rubani msaidizi akavuta vepu humo humo kwenye chumba cha marubani. Hakutaka mvuke uwafikie abiria, kwa hiyo akajaribu kuzima feni ya kuzungusha hewa. Akakosea, akagusa swichi za mfumo wa hewa wa ndege. Hewa ikapungua, barakoa za oksijeni zikaanguka, na ndege ikashuka kwa kasi maelfu ya mita ikiwa na abiria 153. Walifika salama.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba mtu huyu, kwa namna fulani, alikuwa na adabu. Aliwafikiria abiria. Alichokosa ni ujasiri wa kufanya jambo lake mbele ya macho yao, na karibu hatari yote ilitoka kwenye kule kuficha. Ndivyo ilivyo hata kwa yule anayejifungia chooni na kupulizia ndani ya mkono wa sweta. Angekuwa anaamini kweli kwamba ni mvuke tu, angepulizia kwenye kiti chake.

Mtu ataniambia: mbona mnavumilia mengine? Matatu yenye muziki wa kupasua masikio, udi uliofukizwa hadi kwa jirani, samaki wa kukaanga kwenye basi la Mombasa usiku kucha. Kweli tunavumilia, na si kila kero ni dhambi. Lakini hata kwenye basi la samaki unaweza kusema "dada, fungua dirisha kidogo", naye akafungua, mkacheka. Kuna kuombana. Desturi ya hodi ina maana hiyo: mlango uko wazi, namwona mwenye nyumba amekaa ndani, na bado nasimama nje mpaka aseme karibu. Anaweza kukaa kimya, nami nikaondoka. Ndani ya ndege hodi hiyo haipigiki. Ungelazimika kuwauliza watu mia mbili, na mmoja wao ana miezi minne, amelala mapajani mwa mama yake, hawezi kuitikia.

Namhurumia mvutaji, kusema kweli. Hon Lik, mfamasia wa China anayetajwa kuwa mbunifu wa kifaa hiki mwaka 2003, alikuwa mvutaji mkubwa mwenyewe, na baba yake aliuawa na saratani ya mapafu. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Nairobi hadi London ni saa nane na zaidi, na mwili wenye uraibu hausikii falsafa. Ipo pipi ya kutafuna yenye nikotini. Wapo pia bibi zetu waliomaliza safari ndefu kwa ugoro, ambao huingia puani mwa mwenyewe na hauendi kokote, ukiacha chafya.

Na akishindwa kabisa, kengele ya choo ikalia, mlango utagongwa. Basi akifungua amwangalie mhudumu usoni vizuri. Yeye anashuka Heathrow na kwenda zake. Mhudumu atarudi kwenye hewa hiyo hiyo kesho kutwa, na wiki ijayo, na mwakani.