NUKSI YA SAFARI NA MZIGO WA BOTI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa safarini katika Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kuelekea Kalemie, ndani ya boti ya mbao iliyojaa magunia mpaka juu. Moteri ikazimika, ikawashwa. Ikazimika mara ya pili. Hapo wafanyabiashara wakaanza kunong'onezana, na macho yakamwendea mama mmoja kijana aliyekaa peke yake juu ya mizigo. Alikuwa mjane, mume wake alikufa maji, na watu walijua kwamba boti aliyosafiri nayo kabla ya hapo ilipatwa na dhoruba. Wakasema: huyu ana mkosi. Tulipofika kijiji cha kwanza nahodha akamwambia ateremke na furushi lake. Akateremka bila kusema neno. Mimi nilikuwa na kofia kichwani na tasbihi mkononi, nami sikusema neno. Hilo ndilo linaloniandikisha leo.

Swali ni hili: je, mtu, au siku, au ndege, anaweza kubeba nuksi mpaka chombo kizame? Na tukijibu ndiyo, ni nani anayefaidika na jibu hilo?

Tusiwacheke watu wa ziwa letu peke yao, maana mabaharia wa dunia nzima wana mambo haya. Warumi wa zamani waliweka sarafu chini ya mlingoti wakati wa kujenga jahazi. Mabaharia wa Ulaya walikatazana kupiga mluzi chomboni, wakisema unaita upepo. Wengi wao waliona mwanamke chomboni ni balaa. Na siku waliyoiogopa kuliko zote kwa kung'oa nanga ni Ijumaa, kwa sababu Wakristo husema siku hiyo ndiyo aliyosulubiwa Yesu.

Ijumaa, ndugu zangu! Siku ambayo kwetu ni bora kuliko siku zote ambazo jua limechomoza. Siku moja, bahari moja, huyu anaiita baraka na yule anaiita balaa. Christopher Columbus aling'oa nanga Hispania Ijumaa, tarehe 3 Agosti 1492, na nchi kavu ng'ambo ya bahari ilionekana Ijumaa, tarehe 12 Oktoba. Wako wanavyuoni wetu wanaochukia mtu kuanza safari Ijumaa kabla ya swala, lakini sababu yao ni swala isimpite. Hawakusema kwamba siku hiyo ina sumu.

Waarabu wa wakati wa ujahili walikuwa wakimshtua ndege kabla ya safari. Akiruka kulia wanakwenda, akiruka kushoto wanarudi nyumbani. Ndiyo maana jambo hili likaitwa tiyara, kutoka neno lao la ndege. Na Kiswahili kimefuata njia hiyo hiyo: tunasema ndege njema, ndege mbaya. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikataa tiyara waziwazi, akakataa na nuksi ya mwezi wa Safar. Alichokipenda ni neno jema linalompa mtu moyo.

Lakini tuwe waangalifu hapa, maana si kila anayemtazama ndege ni mshirikina. Ahmad ibn Majid, mwana maji Mwarabu wa karne ya 15, aliandika elimu ya bahari, na ndani yake mnatajwa ndege na nyoka wa baharini, na mengine ambayo nahodha huyaona akajua kwamba nchi kavu iko karibu. Huyo anasoma alama aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika viumbe Vyake. Mvuvi wetu anayekataa kuingia ziwani wakati wa kiangazi, akiona upepo wa kusini mashariki umeanza kuinua mawimbi, naye anasoma alama. Alama unaweza kumfundisha mwanao, na ukaipima kesho kama ni kweli. Nuksi haipimwi. Yule mjane angefanya nini ili aonekane hana mkosi?

Mtu mmoja aliniambia: mbona Qur'ani yenyewe inataja Nabii Yunus kutupwa baharini kwa sababu ya chombo? Ni kweli, na mabaharia Waingereza mpaka leo humwita mtu wa mkosi kwa jina lake, Jonah. Basi tusome vizuri Sura ya 37. Qur'ani inakiita chombo kile al-fulk al-mashhun, na neno hilo la mashhun ni la mzizi mmoja na shehena yetu: chombo kilichojazwa. Baadhi ya wafasiri wanasema kura ilipigwa kwa sababu chombo kilielemewa, wakataka kukipunguzia uzito. Tena kosa la Yunus lilikuwa kati yake na Mola wake, yeye mwenyewe alilijua akalikiri, na sisi tumelijua kwa wahyi. Nani kati ya wafanyabiashara wale wa magunia aliteremshiwa wahyi juu ya yule mjane?

Sasa tuangalie vyombo vilivyozama kweli. Le Joola ilizama karibu na pwani ya Gambia ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar, tarehe 26 Septemba 2002. Ilitengenezwa kwa watu wasiofika 600, na waliokufa kwa hesabu ya serikali ni 1,863. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018. Kiliruhusiwa abiria 101, wakafa 228. Na hapa kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, watu wanaitazama kutoka ufukoni, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi.

Anayependa kuhesabu siku atagundua jambo: zote tatu zilizama Alhamisi. Basi Alhamisi ina nuksi? Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume alipenda kuanza safari zake siku ya Alhamisi. Na anayetaka kuilaumu Ijumaa atakumbusha kwamba Spice Islander I iliondoka Unguja Ijumaa usiku ikazama kabla ya alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011. Nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Hakuna siku iliyopakia hata gunia moja.

Uingereza ya zamani ilijua habari hii. Wenye meli walijaza mizigo katika meli mbovu zilizokatiwa bima, na baharia aliyekataa kupanda baada ya kutia sahihi mkataba aliweza kufungwa jela. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele miaka mingi, mpaka sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha alama ichorwe ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa kupakia. Lakini sheria ile iliwaachia wenye meli wenyewe kuchagua mahali pa kuichora, na watu wakangoja mpaka 1890 ndipo sheria ikapapanga. Angalieni ujanja wa mali, ndugu zangu.

Kuna tena nuksi inayovaa kanzu. Boti inazama, na mwenye boti anakuja matangani anasema: ni kadari ya Mungu. Kadari tunaiamini, na ajali ya kila nafsi imeandikwa. Lakini sheria ya Mwenyezi Mungu imemwekea diya na kafara hata mtu aliyeua kwa kukosea. Je, aliyehesabu nauli za watu wote asihesabu makoti ya kuokolea? Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge, kisha ategemee. Anayesema kadari kwa kufunika uzembe wake anamtupia Mola wake lawama ile ile tuliyomtupia yule mjane, isipokuwa yeye anaisema kwa adabu.

Pale kijijini, mama yule alipokwisha kuteremka, nafasi yake iliwekwa magunia mawili ya mahindi. Tukaendelea. Kabla ya magharibi moteri ikazimika mara ya tatu. Fundi akafungua, akatoa maji yaliyochanganyika na mafuta, akasema aliwaambia tangu Uvira. Hakuna aliyemjibu. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu nami akaanza kuwatazama abiria, mmoja mmoja.

Wallahu aalam.