Wakfu na Kifaa Kilichoachwa
Nokia N810, kompyuta ya mkononi ya mwaka 2007 iliyotumia Linux kwa intaneti, picha na muziki, iliachwa na mtengenezaji wake, na hapo huzuka swali la jinsi manufaa ya kitu yanavyoweza kuendelea baada ya mwenyewe kukiacha, ambalo Waislamu wa Gazi, kijiji cha pwani ya Kenya, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafii, wana istilahi yake: wakfu, yaani kuizuia mali isiuzwe wala kurithiwa ili manufaa yake yaendelee kutolewa. Msimbo wa Linux, ambao leseni yake humruhusu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa, unaikaribia sana maana hiyo, pengine kuliko hata kisima cha msikiti, kwani haupungui kwa kuchotwa. Lakini baadhi ya programu za N810 zilifungwa, na kilichofungwa, hata kikigawiwa bure, hakikuwahi kuwekwa wakfu.