Mliuliza umbali, hamkuuliza maji

Ndugu msomaji, katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta kuna hatua moja ambayo wengi hawaijui, kwa sababu kompyuta yenyewe haimo. Kabla mtaalamu hajaandika hata mstari mmoja wa programu, hutumwa mtu kwa watakaohusika akawaulize wanafanyaje shughuli zao na wanahitaji nini. Majibu huyaandika, akayachora kwa visanduku na mishale, kisha waraka ukatiwa saini. Kilichomo ndani ya waraka ndicho kitakachojengwa. Kisichokuwamo hakitajengwa.

Mimi nimekula riziki kwa kazi hiyo miaka mingi. Suala ninalotaka tulitazame leo ni hili: mtu aliyeandika kwa ukweli kila alichoambiwa, je, ametua mzigo wa amana aliyopewa?

Miaka kadhaa nyuma nilipelekwa Chokocho, wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Taasisi iliyoniajiri ilitaka programu ya simu ya kumsaidia mhudumu wa afya wa kijiji kujua mgonjwa yupi apelekwe wapi na lini. Tukakutana na sheha, wazee na mhudumu. Akina mama walikaa nyuma, na mimi kwa haraka zangu sikugeuka kuwauliza. Nikauliza kutoka hapa hadi hospitali ya Mkoani ni kilomita ngapi, na kutoka Kisiwa Panza hadi Chokocho ni ngapi. Nikajibiwa, nikaandika.

Baada ya wiki tatu nikarudi na waraka, kurasa nyingi, kwa Kiingereza. Wazee wakautia saini. Hawakuusoma, walisaini kwa adabu ya kumheshimu mgeni.

Siku hiyo hiyo nilitaka kuvuka kwenda Kisiwa Panza kutafuta saini ya mwisho. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa, boti imekaa juu ya tope. Pembeni yangu alikuwapo bibi mmoja akisubiri kama mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, ndiye wewe uliyekuja na masuala ya kilomita?"

"Ndiye mimi, bi mkubwa."

"Basi kaa uhesabu. Mliuliza umbali, hamkuuliza maji. Kule ni karibu, unakuona kwa macho. Lakini mgonjwa akishikwa na maji yako nje, hizo kilomita zako zitamvusha?"

Sikuwa na jibu. Katika programu yetu mgonjwa wa Kisiwa Panza angehesabiwa kuwa yuko karibu na huduma, hivyo anaweza kusubiri. Kumbe yeye ndiye anayetakiwa kuondoka mapema kuliko wote. Na maji si jambo la kubahatisha. Hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kompyuta ingeweza kulihesabu hilo bila ya taabu, lau kama mtu angeiambia.

Nikawaeleza wakubwa wangu. Wakaniuliza, "Limo ndani ya waraka?" Halimo. "Wenyewe wamesaini?" Wamesaini. Shauri likaishia hapo. Karatasi niliyoiandika ili iwasemee watu wale ikageuka kuwa hoja ya kuwanyamazisha. Nami nikanyamaza, na ujira wangu nikaupokea.

Nilijitetea kwa muda mrefu kwamba sikusema uongo. Ni kweli, sikusema. Lakini kosa langu lilianza kwenye mchoro. Katika michoro yetu huchorwa kijitu cha vijiti, nacho huitwa mtumiaji, yaani yule atakayebonyeza. Mhudumu wa afya alichorwa. Mgonjwa hakuchorwa, kwa sababu habonyezi kitu. Yule ambaye maisha yake ndiyo yanayoamuliwa hakuwa na mahali katika picha.

Wako watakaosema kwamba wanakijiji hawajui kompyuta, na ukimuuliza kila mtu kazi haitaisha. Sehemu ya kwanza ni kweli, lakini bibi yule hakunifundisha kompyuta. Alinifundisha bahari yake. Tunakumbuka Mtume (SAW) alivyowaachia watu wa Madina shauri la kupandikiza mitende, akawaeleza kuwa mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Ikiwa mbora wa viumbe aliwaachia wakulima elimu ya mitende yao, mimi na kompyuta yangu ni nani?

Tena, katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah (SW) anapofundisha kuandika deni, anamwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye kutoa maneno ya kuandikwa awe ni yule mdaiwa, ambaye mzigo utamwangukia. Akiwa dhaifu, msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa haki. Mwenye nguvu hakupewa nafasi ya kumwandikia mnyonge masharti.

Na kwamba haiwezekani, si kweli. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu Kristen Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wenyewe wachunguze kompyuta zilizokuwa zikiletwa viwandani na waseme wanataka nini. Hapa kwetu Zanzibar, tangu mwaka 2005, Wizara ya Afya ilipoanza kutumia mfumo wa takwimu wa DHIS, ulioanzia Afrika Kusini na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, watu wa wilaya walikuwa wakikutanishwa kila robo mwaka. Kila wilaya ilionyesha takwimu zake, wenzao wakazikosoa, na fomu zenyewe zikarekebishwa. Kuuliza hakukuishia siku ya kwanza.

Siku hizi nimejiwekea masharti matatu. Waraka husomwa kwa Kiswahili mbele ya watu kabla ya saini. Ukurasa wa kwanza huorodhesha watu ambao programu itawagusa na bado hawajaulizwa. Na mkataba ukisema kwamba baada ya saini hakuna kuongeza neno, siutii mkono. Kazi mbili zimenipita kwa sharti hilo la tatu.

Hilo halifuti la Chokocho. Bibi yule sikumuona tena, na sijapata kumwambia kwamba maneno yake hayakuingia. Saini za wazee nilizichukua. Hoja yake niliiacha ufukweni. Na wewe msomaji, huenda huandiki programu, lakini huenda umo katika kamati ya msikiti, ya skuli au ya mikopo, na ipo fomu uliyoitunga. Itazame tena. Ni nani aliyekaa nyuma siku ile mlipokuwa mnauliza?

Wallahu a'lam.