Gari Ni Lako, Ufunguo Uko kwa Nani?

Septemba 2017, kimbunga Irma kikikaribia Florida, Marekani, mamilioni ya watu waliambiwa wahame. Kati yao walikuwemo wenye magari ya umeme ya Tesla ya bei ya chini kidogo, yaliyouzwa kama magari ya betri ya kilowati-saa 60. Ghafla magari hayo yakapata uwezo wa kwenda makumi ya kilomita zaidi. Hakuna fundi aliyeyagusa. Kampuni ilituma programu kwa intaneti, ikafungua sehemu ya betri iliyokuwa imefungwa tangu mwanzo. Kumbe siku zote walikuwa wakibeba betri ya kilowati-saa 75, ila hicho kipande cha ziada hakikuwa chao mpaka waongeze pesa. Kimbunga kilipopita, kikafungwa tena.

Huo ulikuwa wema, na sitaki kuupinga. Ukiwa unakimbia mafuriko na watoto wako kiti cha nyuma, huna muda wa maswali ya falsafa. Lakini sisi tumekaa, tunao muda. Kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifungua na kukifunga akiwa mbali, ni chako kweli?

Tuwe wa haki: mkono huo wa mbali unafanya mazuri. Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports lilipima breki za Tesla Model 3, likakuta gari linachukua umbali mrefu mno kusimama. Kampuni ikatuma sasisho, na lilipopimwa tena likasimama karibu mita 6 mapema. Mita 6 ni tofauti kati ya mtoto aliyeshtuka na mtoto aliyezikwa.

Mwaka uliofuata, mkono huohuo ukachukua. Sasisho jingine lilipunguza kiwango ambacho betri za baadhi ya Model S zingeweza kuchajiwa. Kampuni ilisema ni tahadhari ya kulinda betri. Wenye magari waliona tu kwamba gari la leo haliendi umbali wa jana. Wakashtaki, na mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kwa jumla, takriban dola 625 kwa kila mwenye gari.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Shida ni kwamba hii hukuazima, umelipa yote. Hapa kwetu tunazijua simu za lipa pole pole: ukikosa kulipa, inafungwa kwa mbali. Inauma, lakini angalau siku ukimaliza deni, yule mtu anatoka kwenye simu yako. Gari la aina hii halina siku ya kumaliza. Ni kama mtu amekuuzia nyumba akabaki na ufunguo mmoja, na anaingia usiku. Leo anakarabati paa. Kesho anaondoka na kiti.

Jibu rahisi ni kusema: basi kila sasisho lingoje ruhusa ya mwenye gari, akikataa yaishe. Mimi nilipenda jibu hilo mpaka nikafikiria breki. Nikikataa sasisho la breki kwa sababu sipendi kusumbuliwa, atakayelipa si mimi. Ni mama mboga anayevuka barabara, ambaye hakuulizwa chochote. Umiliki wangu haunipi haki ya kuhatarisha maisha yake.

Kwa hivyo mimi nagawanya hivi. Kinachogusa usalama wa wengine kinaweza kulazimishwa, lakini kwa amri ya sheria, si ya muuzaji peke yake, na niambiwe wazi nini kimebadilika. Kinachogusa nilichonunua, yaani umbali, kasi, uwezo wa betri, kisiguswe bila mimi kukubali. Na nikikubali nikajuta, niweze kurudi nilikotoka. Mara nyingi skrini inakuuliza tu "sasa au baadaye?" Hayo si maulizo. Anayeuliza kweli yuko tayari kusikia "hapana".

Unaweza kusema haya ni mambo ya matajiri wa huko. Ngoja kwanza. Magari mengi ya Kenya ni mitumba kutoka Japani, na kwa kawaida huruhusiwi kuagiza lililozidi miaka 8. Tumeshazoea redio inayokuongelesha Kijapani, tunacheka, maisha yanaendelea. Lakini Juni 2024 kampuni ya Fisker ya Marekani ilifilisika, na wenye magari yake ya umeme wakabaki wakiuliza nani atawatumia masasisho. Hao waliyanunua yakiwa mapya. Sisi tutakuwa wa pili, wa tatu, wa nne. Fundi wa Grogan anaweza kufungua injini yoyote ukimpa siku mbili. Hawezi kufungua seva iliyo California.

Magari haya yanakuja, na mengine yameshafika. Mimi nitafurahi kupumua hewa isiyo na moshi wa matatu. Ila kabla hujamuuliza muuzaji linaenda kilomita ngapi, muulize kwanza: nani mwingine ana ufunguo, na siku akiufunga mlango, nitamgongea nani?