Haki ya Mnyama Asiyelalamika

Swali la iwapo mwenye paka au mbwa anawajibika kumpeleka kwa daktari wa mifugo hata pale ambapo mnyama huyo haonyeshi dalili yoyote ya ugonjwa laweza kudhaniwa kuwa suala la fedha tu, lakini likichunguzwa kwa kina linagusa chanzo cha wajibu wenyewe. Wengi hukubali bila ubishi kwamba mnyama anayeumwa anastahili kutibiwa. Kinachobishaniwa ni kama wajibu huo huanza maumivu yanapoonekana, au huanza tangu siku mnyama alipoingizwa nyumbani.

Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim yasimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha, wala kumwachia atoke akajitafutie riziki. Uzito wa hoja umo katika kule kumfungia, kwani aliyemwondolea kiumbe uwezo wa kujitegemea amejitwika mzigo wa kumtosheleza mahitaji yake. Kwa mwelekeo huohuo, Izz bin Abdulsalaam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu alitaja ya kwamba mnyama agharimiwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutoleta tena manufaa. Mnyama, kwa mtazamo huu, ni amana, yaani kitu kilichokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe, na mwenye amana hangoji kuulizwa ndipo aikague.

Hoja hii hupata nguvu zaidi inapotazamwa pamoja na maumbile ya wanyama hao. Paka ana desturi ya kuficha unyonge wake, hata anayeishi naye kila siku akadhani ni mzima. Ugonjwa sugu wa figo, ambao huwapata sana paka wazee, ni mfano ulio wazi: kiwango cha kreatinini, ambayo ni taka inayochujwa na figo kutoka katika damu, kwa kawaida hakipandi kwa namna ya kutambulika mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Ndiyo maana daktari humpima mnyama uzito na kuulinganisha na ule wa awali, humfunua midomo akague meno, hubonyeza ufizi kwa kidole na kutazama weupe unavyorudia wekundu, kisha hulipapasa tumbo taratibu akizitafuta figo kwa ncha za vidole. Vitendo hivyo vyote ni namna ya kumuuliza asiyeweza kujieleza.

Wanafalsafa wa Ulaya walilijibu swali hili kwa njia zinazopingana. Immanuel Kant alishikilia kuwa binadamu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, bali humtendea wema ili asijizoeze ukatili utakaowafikia binadamu wenzake. Naye Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliona kwamba la kuulizwa si kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali kama aweza kuteseka. Kipimo cha Bentham kina haki zaidi, ila kikisomwa kwa haraka humfanya mtu asubiri mateso yajitokeze ndipo ashtuke, hali mateso yaliyofichika ni mateso vilevile.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la unajisi, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mbwa huhesabiwa kuwa najisi; lakini hukumu ya unajisi huhusu tohara ya mtu, yaani usafi wa kiibada, wala haifuti haki ya mbwa anayelinda nyumba yake. Isitoshe, kichaa cha mbwa huua takriban kila mtu ambaye dalili zake zimeshajitokeza, ilhali kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo hutosha kukizuia kisienee, kwa hiyo haki ya mbwa na usalama wa mtoto wa jirani hukutana katika sindano moja. La pili ni la kumwachia Mungu, nalo hujibiwa na mafundisho yaleyale ya dini, kwamba mja humfunga ngamia wake kwanza, kisha akamtegemea Mola.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ufukara, kwani katika nyumba nyingi hata watu wenyewe hawapimwi afya mpaka waugue. Wajibu haupiti uwezo, na asiyemudu ada ya daktari hana dhambi. Hata hivyo hakosi mikono ya kukagua masikio, meno, ngozi na kupe, wala hakosi macho ya kutambua kwamba mnyama amepungua au anakunywa maji kuliko desturi yake. Mwenye uwezo, kwa upande wake, hana udhuru wa kungoja, kwa sababu huruma inayosubiri kilio humfaa anayeweza kulia, na aliyemfuga asiyelalamika amekwisha kukubali kumtafutia maumivu yake kabla hayajamzidi.