Mungu Anatembea Kambini

Somo: Kumbukumbu la Torati 23:12-14 na 6:6-7



Leo ninataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawategemei kulisikia kanisani: choo, na mikono ya watoto wetu. Msicheke. Mungu mwenyewe hakuona haya kulizungumza. Katika somo letu la kwanza aliwaagiza Waisraeli watenge mahali pa kujisaidia nje ya kambi, kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia, achimbe shimo kisha afukie. Akatoa na sababu: yeye mwenyewe anatembea katikati ya kambi ili awaokoe, kwa hiyo kambi iwe takatifu.

Angalieni vizuri. Agizo hilo lilihusu kambi ya vita, yaani mahali pa kulala siku chache na kuondoka. Hakuna aliyekuwa na shamba pale, wala kaburi la babu yake. Hata hivyo Mungu hakusema, "Ninyi mnapita tu, acheni kambi iwe chafu." Alisema kwamba yumo ndani yake.

Nasema hivi kwa sababu neno "tunapita tu" limekuwa wimbo wetu hapa Kyangwali. Baba anaambiwa achimbe choo, anajibu, "Nitajenga kizuri tukirudi Djugu." Mama anaambiwa amfundishe mtoto kunawa, anajibu, "Tukipelekwa ng'ambo atajifunza huko." Ndugu zangu, sisi wakubwa tunaweza kungoja. Mtoto hangojei. Anakua leo, anakula leo, na anaugua leo.

Nanyi mnajua ninachosema. Mwaka 2018, tulipokuwa tukivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi tukikimbia mauaji ya Ituri, kipindupindu kilitupokea huku ng'ambo ya ziwa. Mwezi wa Februari serikali ya Uganda ilitangaza ugonjwa huo. Walioambukizwa walipita elfu moja, na makumi wakafa. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma. Katika mwezi wa kwanza tu karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikuwa wameuokoa uhai wao kwenye panga, wakaupoteza kwenye maji machafu. Tusiseme ni uchawi. Tusiseme ni Mungu amependa. Uchafu wa chooni uliingia mdomoni kwa njia ya maji, nzi na mikono.

Labda mtu atauliza: "Pasta, je, Yesu hakuwatetea wanafunzi waliokula bila kunawa?" Ndiyo, iko katika Marko 7. Lakini pale ubishi haukuwa juu ya afya. Mafarisayo walifanya desturi ya kunawa kuwa kipimo cha utakatifu, wakaacha amri ya Mungu. Yesu alikemea unafiki. Hakubariki uchafu.

Sasa tutawafundishaje watoto? Somo la pili linatuonyesha njia. Wazazi wa Israeli waliambiwa wafundishe watoto wao wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Mafundisho hayo si ya Jumapili pekee. Ni kila siku, katika saa zile zile, mpaka yawe tabia. Basi tufanye hivi:

1. Tunawe pamoja nao. Saa ni hizi: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto mchanga, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kulisha mtoto. Tusiseme tu "nenda ukanawe." Tuseme "twende tukanawe."

2. Tutengeneze kibuyu chirizi. Chukua kibidoni cha lita 5, toboa tundu dogo, kining'inize kwenye mti karibu na choo, funga kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Maji yanatoka kidogo kidogo, na hakuna anayeshika bidoni kwa mkono mchafu. Sabuni ikikosekana, tumia majivu safi ya jikoni. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kukijaza kila asubuhi. Atakilinda kama mali yake.

3. Tusidharau kinyesi cha mtoto. Wengi tunaamini cha mtoto mchanga hakina ubaya. Si kweli, kina vijidudu kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni.

4. Tusimpige mtoto anayejisaidia kando ya choo. Mara nyingi anaogopa giza na shimo, kwa kuwa limechimbwa kwa kipimo cha miguu ya wakubwa. Mshike mkono, au mpe chombo chake kidogo kisha umwage chooni.

Wapendwa, niungame kosa langu. Siku moja niliwafundisha watoto wa shule ya Jumapili habari za kunawa mikono. Baada ya ibada tukaketi kula ugali na sombe. Nilikuwa nimesalimia watu wengi mlangoni, nikanyosha mkono moja kwa moja kwenye sahani. Msichana mdogo akaniuliza mbele ya wazee, "Pasta, wewe umenawa saa ngapi?" Wazee wakamkemea kwa kukosa adabu. Nikawaambia wamwache, nikainuka, nikaenda kunawa. Watoto wote walikuwa wananitazama. Somo walilolikumbuka ni lile la mezani, si lile la darasani.

Hatujui siku ya kurudi nyumbani. Bwana anaijua. Lakini siku hiyo ikifika, na tuwe na watoto wa kurudi nao. Jioni hii akipita katikati ya nyumba zetu za maturubai na udongo, akute shimo limefunikwa, maji yananing'inia, na mzazi amesimama na mtoto wake wakinawa.

Mungu awabariki nyote na nyumba zenu. Amina.

Ndimi mtumishi mwenzenu katika safari,
Mchungaji